Trela ya gurudumu la tano inayotikisika ikiegeshwa: kabari, miguu mitatu, vyuma vya mshazari au haidroliki?

Kitanda cha trela ya gurudumu la tano, yaani trela ya kuishi ambayo pua yake hukaa juu ya bodi ya pikapu inayoivuta, kiko juu, mbele kabisa, katika sehemu inayoning'inia mbele ya miguu ya kuegeshea. Mwenzako akiamka usiku kwenda msalani, wewe uliyelala unaihesabu kila hatua yake. Mashine ya kufulia ikianza kukamua nguo, vikombe vinagongana kabatini. Upepo ukivuma ubavuni, taa ya dari inabembea. Nimeishi ndani ya trela kama hiyo misimu kadhaa, nikafunga na kufungua karibu kila kifaa kinachouzwa kwa ahadi ya kuituliza. Vingine vilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Vingine vilitibu ugonjwa ambao trela yangu haikuwa nao.

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka likuepuke. Kila kifaa kina mwelekeo mmoja kinaoumudu, na anayenunua kabla ya kujua trela yake inakwenda upande gani inapotikisika hununua mara mbili.

Inatikisika kwenda wapi?

Mitikisiko ni mitatu. Kuna kuyumba, yaani kwa ubavu, kushoto na kulia. Kuna kusukwa, kwa urefu, mbele na nyuma, kama mtu anayevutwa na kuachiwa. Na kuna kudunda, juu na chini. Mara nyingi yote mitatu ipo, lakini mmoja unatawala, na mwili hauutambui vizuri: aliyelala hudhani anayumba kumbe anasukwa.

Chukua beseni, litie maji hadi nusu, uliweke sakafuni katikati ya trela. Mwambie mtu atembee kutoka mlangoni hadi chumbani, ageuke, arudi. Maji yakipanda kingo za kushoto na kulia, trela inayumba. Yakipanda upande wa mbele na wa nyuma, inasukwa. Yakitetemeka kwa viduara bila kupanda popote, inadunda. Kisha toka nje, chuchumaa karibu na miguu ya mbele wakati mwenzako bado anatembea. Utaona chuma kinavyocheza ndani ya chuma kingine, na tairi linavyojiviringisha kidogo sana na kurudi. Dakika kumi za kuchuchumaa hapo zilinifundisha kuliko maelezo yote yaliyoandikwa kwenye maboksi.

Inafaa pia kujua uzito umekaa wapi. Trela ya aina hii huweka takriban sehemu moja ya tano ya uzito wake mbele, kwenye kingipini, ile pini nene chini ya pua inayoifunga trela kwenye pikapu. Tuseme yako ina kilo 6,000. Ukiitenga na pikapu, kilo 1,200 au zaidi zinahamia kwenye miguu miwili ya mbele, na zilizobaki, nyingi zaidi, zinabaki juu ya magurudumu. Sasa gurudumu ni mpira wenye upepo, na juu yake kuna springi. Vyote viwili vimetengenezwa vilegee ili barabara isivunje nyumba. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nyumba yako, hata ikiwa imesimama, bado imekaa juu ya mto. Jeki za nyuma zinabeba kidogo tu ya uzito huo, na hazikuundwa kubeba zaidi: kazi yake ni kutuliza. Anayezitumia kuinua trela abadilishe tairi ataipinda jeki au ataipinda fremu.

Kabla ya kununua chochote: fupisha miguu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo dawa kubwa kuliko zote na karibu haigharimu kitu.

Mguu wa kuegeshea ni bomba lililochomoka kutoka kwenye fremu. Ukisukumwa kwa ubavu unapinda, na kupinda kwake kunafuata urefu uliozidishwa kwa wenyewe, urefu × urefu × urefu: urefu ukizidishwa kwa 2, mpindo kwa msukumo uleule unazidishwa kwa 2 × 2 × 2, yaani mara 8. Mguu uliochomoka sentimita 60 na ule uliochomoka 30 ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa ni chuma kilekile kutoka kiwanda kilekile. Ongeza kwamba bomba la ndani huwa na nafasi kidogo ndani ya bomba la nje, na kadiri linavyotoka ndivyo linavyobaki limeshikwa na kipande kifupi zaidi. Ule mchezo unakua.

Kwa hiyo panga magogo ya mbao chini ya miguu, mengi kadiri inavyowezekana kwa usalama, ili chuma kitoke kidogo. Yapange kwa kupishana, safu moja kwa urefu na inayofuata kwa upana, chini pawe papana kuliko juu. Mnara wa vipande vilivyowekwa kimoja juu ya kingine kwa upande mmoja ni hatari.

Magogo hayo yana faida ya pili kwenye udongo laini. Bamba la mguu likiwa sentimita 20 kwa 20, lina eneo la sentimita za mraba 400. Likibeba kilo 600, kila sentimita ya mraba ya ardhi inapata kilo 1.5. Weka chini yake ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40, eneo linakuwa 1,600 na mgandamizo unashuka hadi chini ya kilo 0.4. Mguu unaozama milimita chache kila usiku baada ya mvua ndio unaokufanya uamke asubuhi ukidhani jeki imelegea.

Mahali pa kuegesha nako kuna neno. Ukiweza kuchagua, pua ielekee upande ulioinuka kidogo, miguu ya mbele itabaki mifupi. Lakini pima kwanza kama pua itaweza kushuka na kupanda vya kutosha siku utakapotaka kuirudisha juu ya pikapu. Na kama mahali hapo pana upepo wa mwelekeo mmoja, uelekezee pua. Ubavu wa trela ni tanga.

Kabari za kawaida na kabari za kubana katikati ya matairi

Kabari za kawaida, zile za mpira au plastiki zinazowekwa mbele na nyuma ya tairi, ni za usalama. Bila hizo usiitenge trela na pikapu, basi. Lakini kama dawa ya mtikisiko ni dhaifu, kwa sababu tairi linajiviringisha kidogo kabla ya kuikuta kabari, na hata likiikuta mpira unabonyea.

Kabari za kubana ni kitu kingine. Huingia katika nafasi kati ya matairi mawili ya upande mmoja, kisha unakaza skrubu yake na kabari inatanuka hadi inayabana yote mawili. Ufundi wake ni mzuri: matairi yote mawili yakitaka kwenda mbele, uso wa nyuma wa tairi la kwanza unapanda na uso wa mbele wa tairi la pili unashuka. Kabari iliyobanwa katikati inavutwa juu upande mmoja na chini upande wa pili, ikagoma. Magurudumu hayawezi tena kuzunguka pamoja.

Zinatibu kusukwa, na zinatibu vizuri. Kama beseni lako lilionyesha mbele na nyuma, anza hapa, kabari moja kwa kila upande. Kama lilionyesha ubavu, fedha yako iende kwingine, maana kwa kuyumba hazina msaada wa maana na kwa kudunda hazina kabisa.

Mambo mawili ya kuangalia. Pima nafasi kati ya matairi yako kabla ya kununua, kwa sababu kila kabari ina upana wake wa chini na wa juu. Na usiache kabari za chini: usiku ukiwa baridi hewa ndani ya tairi hunywea, tairi linapungua unene na mbano unalegea. Zikaze tena jioni ya kwanza na asubuhi inayofuata. Jua kali likipiga usizikaze kwa nguvu zote.

Miguu mitatu ya kingipini, au vyuma vya mshazari?

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa kuwa vyote viwili huahidi kuituliza sehemu ya mbele.

Kitegemezo cha miguu mitatu kinasimama chini ya kingipini, mbele kabisa, mahali ambapo kwa kawaida pana hewa tupu. Sehemu inayoning'inia mbele ya miguu ya kuegeshea ina urefu wa mita moja, mbili au zaidi, na chumba cha kulala kiko humo. Inafanya kama ubao wa kupigia mbizi: hatua ndogo ya mtu inakuwa mdundo. Kuweka nguzo kwenye ncha ya ubao huo kunaukata mdundo moja kwa moja. Aliyelala ataihisi tofauti usiku uleule. Kwa kuyumba kinasaidia kiasi, hasa kile ambacho miguu yake imetanuka vya kutosha na kufungwa pamoja kwa minyororo au vyuma ili isiteleze. Kwa kusukwa, kidogo.

Kasoro yake ni kwamba ni mzigo wa kubeba, na kinadai adabu. Kiweke baada ya kusawazisha kila kitu, kikaze hadi kishike, usikitumie kuinua. Ukikikaza mno unaondoa uzito kwenye miguu ya kuegeshea na kuuweka mahali ambapo fremu haikupangiwa kuubeba katika hali ya kusimama. Na kama trela yako inajisawazisha yenyewe kwa umeme au haidroliki, kitoe kabla ya kugusa kitufe. Mashine ikiishusha pua juu ya nguzo, nguzo itakubali kupinda kabla mashine haijagundua.

Vyuma vya mshazari hufungwa kabisa kwenye trela. Ni mabomba yanayoingiana, mwisho mmoja umefungwa chini ya mguu, mwingine kwenye fremu, na katikati kuna mpini wa kukazia. Ukishashusha miguu unakaza mipini, na bomba linalochezacheza linageuka kuwa pembetatu. Chuma kinachosukumwa kwa ubavu hupinda kwa urahisi, lakini chuma kilekile kikisukumwa kwa urefu wake ni kigumu mno. Mshazari hufanya hivyo tu: unageuza mpindo kuwa msukumo wa urefu. Fundi wa kenchi analijua hili bila hesabu, ndiyo maana hakuna paa linalosimama kwa pembe nne peke yake.

Kwa kuyumba, sijaona kinachoyashinda. Lakini angalia yanafungwa upande gani. Mshazari uliofungwa kwa upana wa trela unazuia kuyumba tu. Uliofungwa kwa urefu unazuia kusukwa tu. Unahitaji pande zote mbili, na unahitaji miguu ya mbele pamoja na ya nyuma, la sivyo trela itaendelea kujizungusha kidogo juu ya ncha uliyoifunga. Kudunda hakuguswi sana, kwa sababu mguu wenyewe tayari ni mgumu kwa wima. Kinachodunda ni springi na ile sehemu inayoning'inia.

Ufungaji unataka kutoboa fremu au kufunga kwa skrubu zinazojitobolea. Soma masharti ya dhamana ya trela yako kabla ya kutoboa, na usitoboe kamwe mkunjo wa juu au wa chini wa fremu mahali pasiporuhusiwa, maana hapo ndipo chuma kinapobeba mvutano.

Nikilazimishwa kuchagua kimoja kati ya hivi viwili? Kwa anayehama kila baada ya siku chache, vyuma vya mshazari, kwa sababu vinakazwa kwa dakika mbili na havibebwi. Kwa anayekaa miezi mahali pamoja na kusumbuliwa na kitanda, miguu mitatu. Kwa ile trela niliyoishi ndani yake, vyote viwili pamoja ndivyo vilivyoleta usingizi, na mshazari ulikuja kwanza.

Nyuma: jeki za mkasi, piramidi, au miguu ya umeme

Piramidi ni vile vigoda vya alumini au chuma unavyoviweka chini ya fremu na kupandisha skrubu ya katikati hadi iguse. Ni vyepesi, ni rahisi, na kwa wima vinashika. Kwa ubavu havina mkono wowote juu ya trela, kwa sababu havijafungwa nayo: trela inateleza juu ya kichwa cha skrubu. Vinafaa kuongezea, hasa katikati ya trela ndefu.

Jeki ya mkasi imefungwa kwenye fremu na inatanuka kwa umbo la almasi, ikasimama kwenye bamba pana. Umbo hilo linaipa uthabiti wa ubavu ambao mguu wa bomba moja hauna. Nyingi zimeandikwa uwezo wa pauni 5,000, karibu kilo 2,300, lakini nilishasema, usiisome namba hiyo kama ruhusa ya kuinua. Inashushwa kwa mpini au kwa drili yenye soketi. Ukitumia drili, acha inapoanza kulalamika na umalizie kwa mkono.

Miguu ya umeme ya nyuma inashinda kwa urahisi na inashindwa kwa uimara. Mingi hushuka kwa pembe, mota moja ikiendesha miguu miwili, na maungio yake yana mchezo. Kama trela yako imekuja nayo, usiing'oe. Iongezee mshazari na magogo chini yake, itabadilika.

Kuna mbinu ya kuipa jeki ya nyuma mzigo kidogo bila kuinulia nayo. Magurudumu ni egemeo, kama la pembea: pua ikishuka, mkia unapanda. Basi shusha pua sentimita 2 hivi chini ya usawa, teremsha jeki za nyuma hadi ziguse vizuri, kisha inua pua hadi pima maji irudi katikati. Mkia unashuka na kujikalisha juu ya jeki. Kama umbali wa mbele ya ekseli ni mara mbili ya ule wa nyuma, sentimita 2 za pua ni sentimita 1 ya mkia, na hiyo inatosha. Usizidishe.

Haidroliki ya miguu sita

Miguu miwili mbele, miwili karibu na magurudumu, miwili nyuma, pampu moja, kitufe kimoja. Kinachoitenga na vifaa vingine vyote ni ile miguu ya kati: inauchukua uzito mwingi kutoka kwenye springi. Kwa kudunda, hii ndiyo tiba ya chanzo chenyewe, na usawazishaji uliokuwa wa nusu saa unakuwa wa dakika chache. Mtu mwenye mgongo mbovu au anayesafiri peke yake, sitamshauri kitu kingine.

Ila watu hushangaa kwamba trela bado inayumba. Inayumba kwa sababu mitungi ile nayo ni miguu mirefu inayopinda, na sheria ya mara 8 haimwonei mtu haya. Magogo chini ya miguu yanahitajika vilevile. Na usiinue mpaka magurudumu yaache ardhi. Magurudumu yakining'inia, kabari zako zote zimekuwa mapambo, na trela nzima imesimama juu ya vyuma sita vyembamba visivyo na kitu cha kuizuia isiteleze.

Ni mfumo mzito, una mafuta, mipira ya kuzibia na nyaya, na mguu ukianza kuvuja utaona kona moja inashuka polepole. Ukiwa tayari unao, furahi nao. Kuufunga kwenye trela ya zamani kwa ajili ya mtikisiko pekee, kabla ya kujaribu magogo, kabari za kubana na mshazari, mimi nisingefanya.

Madogo yanayosahaulika

Ngazi ya mlangoni iliyofungwa kwenye trela bila kugusa ardhi ni wenzo: kila anayepanda anaivuta nyumba upande wake. Ngazi yenye miguu yake chini, au nguzo ndogo chini ya ngazi ya zamani, huondoa sehemu ya mtikisiko ambayo hakuna jeki itakayoiondoa.

Vyumba vya kutokeza ubavuni, vile vinavyosukumwa nje trela ikishaegeshwa, huwashawishi watu kuviwekea nguzo. Fuata kitabu cha trela yako, na kama kinakataza, tii. Fremu ikishuka kidogo usiku huku chumba kimezuiwa na nguzo, uzito wote unahamia kwenye reli na gia zake.

Kubaki umeunganishwa na pikapu kwa usiku mmoja kunasaidia kiasi, hasa ukishusha miguu ya mbele ipunguze uzito kwenye springi za pikapu. Kwa zaidi ya hapo umebadilisha mtikisiko mmoja kwa mwingine.

Kufunga safari

Kufungua ni kinyume cha kufunga, na mshazari ndio unaotangulia. Legeza mipini yote, halafu miguu mitatu, halafu jeki za nyuma, pikapu iingie na kufungwa, ndipo miguu ya mbele ipande. Kabari mwisho kabisa. Niliwahi kukibonyeza kitufe cha miguu mipini ikiwa bado imekazwa. Bomba la kulia lilipinda kwa mlio ambao bado nausikia, na sikio lake lilirarua skrubu mbili kwenye fremu. Tangu siku hiyo, nikikaza mpini wa kwanza nafunga kitambaa chekundu juu ya kitufe, na hakitoki hadi nimeigusa mipini yote kwa mkono, mmoja mmoja.